Mama Wageni na Mikeka ya Restora Yake

Wasikilizaji wapendwa, kama sufuria iko kwa moto, punguzeni kuni kidogo. Kama munachambua maharage, endeleeni, mikono inaweza kufanya kazi na masikio yakasikia. Leo tunamukumbuka mama moja wa Masisi. Jina lake ni Libérata. Mama Libérata, binti wa muzee Sebarenzi. Wengi hamumujui kwa jina hilo. Munamujua kwa jina la uwanjani: Mama Wageni.

Tulimuzika juma lililopita. Na kwa nini aliitwa Mama Wageni? Tutafika. Turudi kwanza nyuma, miaka ile ya elfu moja mia kenda makumi tano, wakati wa Wabeleji.

Kulikuwa koleji ya mapadri, ng'ambo ya kijiji cha Muheto, juu ya kilima. Watu waliiita tu koleji ya juu. Na chini ya kilima, pembeni ya barabara, kulikuwa restora. Papa Hilaire, bwana wa Libérata, aliijenga kwa miti na udongo, akaezeka majani. Meza zilikuwa mbao za kukata kwa mukono. Lakini chakula! Libérata alipika maharage na bitoke, zile ndizi za kupika, mpaka mchuzi unashika kijiko. Alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kutoka Walikale. Siku ya soko alipika mbuzi, na mashanza, maziwa ya kuganda, yalikuwa katika kibuyu, baridi, yenye harufu ya moshi kidogo. Madereva wa lori walivumilia njaa tangu Sake ili wafike kula kwake.

Na restora ile ilikuwa na kitu ambacho zingine hazikuwa nacho. Mikeka. Kila meza ilikuwa na mukeka unaning'inia mbele yake, sawa pazia.

Nyinyi vijana mutacheka. Lakini watu wengi wa vilima, zamani, walisikia haya kuonekana wakila. Kunywa mbele ya watu, ndiyo. Kula, hapana. Muzee Sebarenzi aliwafundisha watoto wake hivyo: kinywa kinachotafuna hakionyeshwi. Basi Libérata akasema, kama watu wa vilima wanasikia haya, nitawafichia haya yao. Ukifika, unakaa, anateremsha mukeka, unakula na roho yako. Na hakuna muntu anainua mukeka wa mwenzake. Kuinua mukeka wa muntu anayekula ilikuwa kama kumuvua nguo.

Watu wa msitu hawakuelewa kabisa. Na hapo anaingia Papa Polycarpe.

Papa Polycarpe alikuwa mwindaji wa Walikale, kule msituni. Alileta nyama ya moshi na mafuta ya ngazi, kwa miguu, mpaka soko la Masisi. Na safari zake hazikufuata soko. Zilifuata mupira wa koleji! Hakuingia darasani hata siku moja, lakini wachezaji wa koleji ya juu aliwajua wote, nani anapiga kwa kushoto, nani anaogopa mvua. Alisimama nyuma ya goli la wageni, anapaza sauti: "Gardien wenu anashika mupira kama muntu anayeshika kinyonga!" Mupira ukiisha, anateremka kwa Libérata, anakalia kiti chake, anasukuma mukeka pembeni, anakula huku anasimulia mechi yote.

"Dada Libé," alikuwa anamwambia, "nyinyi watu wa mulima munakula kama wezi. Kwetu, anayekula mafichoni tunamuuliza: chakula hicho umekitoa wapi, na sisi tumekukosea nini?"

Naye Libérata, bila kugeuka kutoka kwa moto: "Na nyinyi wa pori munakula kama mbwa amepata mufupa. Mpaka Walikale wanasikia kwamba Polycarpe anatafuna."

Walipendana hivyo. Kwa matusi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, gardien wa koleji ya juu, ni kusema mulinda goli, alikuwa nani? Alikuwa Symphorien. Mudogo wa Libérata. Mutoto wa mwisho wa muzee Sebarenzi. Narudia ili mushike vizuri: Symphorien, gardien wa koleji, mudogo wa tumbo moja wa Libérata. Alikuwa mureeefu, mikono mpaka kwenye magoti, muchache wa maneno. Alibakiza mwaka moja tu apate diplome ya ualimu. Katika nyumba ya Sebarenzi, tangu babu wa babu, watu wameshika jembe. Yeye njo alikuwa wa kwanza atakayeshika chaki. Muzee alikuwa ameisha kumuchagulia mahali pa nyumba ya mwalimu, karibu na kisima.

Lakini koleji ilikuwa na sheria. Mwanafunzi hakuli inje. Nani alikula inje ya koleji, alifukuzwa. Na ndani walikula nini? Maharage na mahindi. Kesho yake, mahindi na maharage. Mutoto anaruka siku nzima kati ya miti miwili ya goli, usiulize njaa yake.

Basi Symphorien alifanya hivi. Mechi ikiisha, wachezaji wanapewa ruhusa kwenda kuoga mutoni. Yeye anaoga mbio mbio, anakata kwenye shamba la ndizi, anaingia kwa mulango wa jikoni. Dada anamuteremshia mukeka. Anakula kimya, anarudi. Padri Prefe, yule wa nidhamu, alipita pale mara nyingi. Aliingia hata ndani kununua mayai. Aliona nini? Mikeka. Alisalimia mikeka, akaenda na mayai yake.

Ingeendelea hivyo mpaka diplome. Mukeka ulikuwa unatosha.

Mwaka wa 1955, koleji ya juu ilifika nusu fainali ya kikombe cha makoleji. Ekipe ya wageni ilitoka upande wa ziwa, wamevaa viatu, wote! Wa kwetu wenye viatu walikuwa wanne tu, wengine miguu tupu. Tulikuwa na goli moja, wageni hawana kitu. Karibu na kuisha, murefari akatoa penalti. Mpiga penalti alikuwa kijana munene, alirudi nyuma kama anataka kubomoa kanisa. Symphorien hakuruka. Alisimama. Mupira ukamupiga kifuani, akaanguka nao, akaukumbatia kama muntu amemupata mutoto wake sokoni. Mpaka firimbi ya mwisho, watu walikuwa bado wanalia na kucheka.

Wote wakateremka kwa Libérata. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikamwagika. Papa Polycarpe hakuwa na sauti tena, lakini alikuwa bado anapaza.

"Iko wapi ule mutoto? Nataka nimuone! Libé, dada yangu, iko wapi?"

Libérata hakujibu. Watu waliniambia hivyo wote: hakujibu. Na Papa Polycarpe akaenda moja kwa moja kwenye meza ya pembeni, akashika mukeka, akauinua juu.

"Huyu hapa! Muntu kama huyu tunamuficha? Ale mbele yetu! Ale tumuone!"

Kwa Polycarpe ilikuwa heshima. Kwao msituni, mwindaji aliyeua nyama kubwa anakula katikati ya watu, watu wanamuangalia, wanafurahi. Symphorien alikuwa na tonge la bugali mukononi. Akafunika kinywa na mukono mwingine, kama baba yake alivyomufundisha. Watu walipaza sauti kama kwenye goli.

Na Padri Prefe alikuwa mulangoni. Alikuwa ameteremka kuwashukuru wanaoshangilia ekipe.

Kelele ikakatika. Padri hakukasirika. Ingefaa akasirike. Aliangalia sahani, akamwangalia Symphorien, akasema polepole: "Maliza kula. Halafu uniletee jezi."

Symphorien hakumaliza.

Muzee Sebarenzi alipanda kilima na fimbo yake, akapiga magoti mbele ya Padri. Muntu mukubwa hivyo, magoti kwenye kokoto. "Padri, ni kwa dada yake alikula. Ni mutoto alikula kwao." Padri akamujibu kwamba kwao sasa ni koleji. Libérata alipanda, akabaki kwenye mulango wa mbele, hakupokelewa. Papa Polycarpe akapanda na paja zima la nyama ya moshi kwenye bega. Padri akamuangalia. "Kilichomufukuza ni chakula," akasema, "na wewe unaniletea chakula." Akafunga mulango.

Mechi ya mwisho ilichezwa bila Symphorien. Libérata alienda uwanjani. Mara ya kwanza katika maisha yake, aliomba koleji ya juu ishindwe. Aliomba kwa rozari mukononi, Mungu amusamehe.

Walishinda. Bila yeye. Wasikilizaji wapendwa, hiyo njo ilimuuma kupita yote. Kama wangeshindwa, watu wangesema, munaona, mulimufukuza gardien. Lakini walishinda, na picha ikapigwa, na kikombe, na katika picha ile amesimama mutoto mwingine mwenye jezi ya Symphorien. Picha iko bado kwenye ukuta wa koleji mpaka leo. Mukipita muiangalie.

Na siku ile ile, Padri Prefe akatuma mupishi wake kwa Libérata. Anaomba mbuzi ya karamu ya washindi, kwa sababu hakuna anayepika mbuzi kama yeye. Libérata alikuwa anapepeta unga. Akasema: "Mwambie Padri, mwanafunzi wa koleji hakuli chakula changu. Ni sheria yake." Akaendelea kupepeta.

Symphorien alikaa nyumbani, halafu akasema hawezi kukaa kwenye macho ya baba yake. Papa Polycarpe, na moyo wake wote wa kutaka kutengeneza, akamutafutia kazi kule Walikale, kuchimba kasiteriti, mawe ya bati, kwa muzungu moja. "Ana mikono mirefu," alisema, "watamupenda." Kweli walimupenda. Mvua za mwaka uliofuata, udongo ukawaangukia ndani ya shimo, yeye na wenzake. Hawakuchimbuliwa. Muzungu alisema shimo lile halina faida tena.

Papa Polycarpe njo alileta habari. Alifika kwa miguu, bila nyama, bila mafuta, na kofia ya Symphorien mukononi. Libérata aliichukua. Hakumufukuza. Alimupakulia bugali na sombe, kama siku zote.

Na Papa Polycarpe, muntu wa msitu, muntu wa kula kwa kelele, akanyoosha mukono, akateremsha mukeka mwenyewe.

Tangu siku ile, mpaka kufa kwake, alikula nyuma ya mukeka. Watu walisema ni haya ya kosa lake. Yeye hakubisha. Walimusemesha: "Polycarpe, wewe njo uliua mutoto wa Sebarenzi na mikono yako." Alijibu tu: "Ni mimi niliinua."

Na Libérata? Libérata aliendelea kufuata mupira wa koleji ya juu. Kila mechi! Alikaa upande wa koleji, kwenye nyasi za mbele, na akashangilia wageni. Waje kutoka Rutshuru, waje kutoka Bukavu, yeye alikuwa wao. Ekipe ya wageni ilikula kwake bure mpaka inashindwa kukimbia, halafu anawagombeza kwa sababu hawakimbii. Wanafunzi wa koleji walimuzomea: "Mama Wageni! Mama Wageni!" Alikubali jina hilo. Mapadri walibadilika, Wabeleji walienda, bendera zilibadilika. Mama Wageni hakubadilika.

Sasa nasoma maneno ya binti yake, Mama Emérita. Mama Emérita ameniomba niyaseme redioni, kwa sababu yeye hakuweza kuyasema makaburini. Anasema hivi:

"Siku moja kabla ya kufa, mama aliniambia: Polycarpe hakujua ni meza gani. Mikeka yote ilikuwa imeteremka. Aliniuliza, sikujibu kwa kinywa. Nilimuonyesha kwa kidevu. Nilikuwa na kiburi, nilitaka watu wamuone mudogo wangu. Polycarpe aliona kidevu changu, na mpaka kufa hakumwambia muntu. Na mimi nilimwacha abebe."

Mama Emérita akamuuliza: kwa nini hukusema, mama? Mama akajibu: "Nilimupikia. Ni yote niliyoweza."

Njo hivyo, wasikilizaji wapendwa. Papa Polycarpe aliinua mukeka. Mama Libérata alionyesha kwa kidevu. Na Padri yule aliyechukua jezi alienda kuzeeka kwao Ulaya, hakuna aliyemuuliza kitu.

Mama Libérata aliacha neno moja la mwisho juu ya maziko. Alisema: "Watoto wa koleji wakikuja, muwapatie kula. Muwapatie vizuri, mbuzi na bitoke. Lakini inje. Bila mukeka. Mahali Padri anaweza kuwaona."

Walikuja. Ekipe nzima, na jezi. Walikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba, wakala. Padri mukubwa wa koleji wa sasa, kijana muzuri, mwana wa hapa hapa, alisimama karibu yao. Mawingu yalikuwa yanashuka. Akamuuliza Mama Emérita: "Mama, mbona hamukuwaweka ndani?"

"Mama yetu alitaka uwaone, Padri."

Padri akacheka kidogo. Akaangalia vijana wake. "Kweli," akasema, "wanakula vizuri." Hakujua kitu. Hakuna aliyewahi kumuelezea.

Kwa Mama Emérita, kwa watoto na wajukuu, kwa jamaa ya muzee Sebarenzi hapa Masisi na kwa wana wa Papa Polycarpe kule Walikale: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, mwenye kushika sheria ya wengine mukononi, mwalimu, chefu, padri, ao mama tu mwenye ufunguo wa stoo: mutoto akiletwa mbele yako leo na kosa lake, muangalie kwanza tumboni.

Sasa rudisheni kuni kwa moto. Wapakulieni watoto. Na wale inje, tuwaone.