Likizo ya Miaka Kumi na Mmoja

Ndugu waombolezaji, mimi Evarist, mdogo wa marehemu, nimetumwa na ukoo kuwasomea maisha ya kaka yangu, Nathanael Rutaihwa, aliyezaliwa hapa Buganguzi, Wilaya ya Muleba, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Julius na Mama Klaudia, aliyeketi mbele yetu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akaendelea Sekondari ya Kahororo, Bukoba, mwaka 1986 hadi 1989, kisha akasomea mambo ya fedha Dar es Salaam, ambako tarehe 1 Oktoba 1996 aliajiriwa na kampuni moja, akapanda hadi kuongoza idara ya fedha, na tarehe 17 Julai 1999 akafunga ndoa na Evelyne, wakajaliwa watoto wawili, Kamala na Renatha.

Mwaka 2014 aliagizwa kuandaa taarifa ya nafasi zisizo za lazima katika idara yake, na kwa kuwa hakuwahi kuvumilia kosa, alipoona kwamba nafasi isiyo ya lazima ni yake mwenyewe, alikagua mara tatu, akasahihisha nukta moja, akaiwasilisha, na tarehe 30 Juni akaachishwa kazi kwa barua iliyomsifu kwa umakini.

Alirudi Buganguzi na mkewe, akamwambia Mama kwamba yuko likizo, nasi wengine tukaapa kutunza siri, tukimfundisha kila mgeni wake cha kusema mbele ya Mama. Hakutulia hata siku moja: alizunguka kibanja akiwa amefunga tai, simu sikioni, akipima nafasi kati ya mgomba na mgomba, aking'oa na kupanda upya, kila Desemba akifunga begi, kila Januari akilifungua.

Tangu 2022 aliugua kisukari, akafariki dunia Bukoba, Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025.

Jana familia ilivutana sana juu ya miaka hiyo kumi na mmoja, kwa kuwa marehemu asingekubali tarehe za uongo, na ukweli tuliogopa ungemwangusha Mama, mpaka Mama mwenyewe akasema: "Evarist mwanangu, soma ilivyokuwa. Nilijua tangu siku aliposhuka kwenye basi na kiti cha ofisi chenye magurudumu. Nani huenda likizo na kiti? Nilinyamaza, maana ningesema najua, angeona aibu, angeondoka."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta ndizi na kuni, na wenzake wa kazini, ambao leo wamemsalimu Mama kwa mara ya kwanza bila kufundishwa cha kusema.

Begi lako tumelifungua, kaka, Mama amekuongezea likizo, pumzika kwa amani.