Kaka Yetu Rudia na Bomba Aliloliosha Mara Nne

Kaka yetu, ambaye wenzake kazini walimwita Rudia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ninayesoma ni mdogo wake anayemfuata.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari 1984, kisha akahitimu uchomeleaji katika chuo cha ufundi, Desemba 1987. Hesabu hazikumpa taabu. Insha ndizo zilizomtoa jasho.

Mwaka 1988 aliajiriwa na kampuni ya mabomba ya mafuta na gesi ya baharini, akapanda hadi kuwa msimamizi. Mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa waliochomelea bomba la kilomita sitini na nne, lililolazwa mita elfu moja na mia tatu chini ya maji. Bomba hilo lilipomaliza kazi, mwaka 2023, ndiye aliyekabidhiwa kulifunga. Bomba la kina kile halivutwi juu. Huoshwa kwa maji mpaka mafuta yaishe, huzibwa pande zote mbili na kuachwa hukohuko, na msimamizi hutia sahihi kwamba ni safi.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa chekechea. Kaka alikuwa na tabia ya kuosha upya vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Wifi alimwambia, "Baba watoto, kama sahani zangu zinakutia shaka, kaoe sinki." Alicheka, akaendelea kuosha.

Februari 2023 daktari alimkuta na uvimbe tumboni, akampangia upasuaji tarehe 8 Mei. Siku zilipokaribia alikuwa melini, na maji yaliyotoka kwenye bomba bado yalikuwa na mafuta. Msaidizi wake alikuwa tayari kutia sahihi hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomzuia kuondoka. Nilimpigia simu.

"Kaka, tia sahihi urudi. Nani atashuka huko chini kukagua?"

"Hakuna," alinijibu. "Ndiyo maana siwezi, mdogo wangu."

Bomba lilioshwa mara nne. Alirudi tarehe 5 Juni, uvimbe ukiwa umeshasambaa. Alifariki tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu.

Kampuni iliomba isomwe hapa kwamba familia inajivunia uamuzi wake. Kaka hakutia sahihi jambo asiloliamini, nami sitasoma nisiloliamini mbele ya jeneza lake. Heri bomba lile lingebaki chafu, naye angekuwa hai.

Mungu ampokee, ampe pumziko la amani.