Zawadi ya Kuhama Kampuni

Ndani ya basi la mjini Busan, Korea Kusini, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimlalamikia mwenzake wa kiti, ingawa hawakujuana.

“Intaneti ya nyumbani inaniua, dada! Mwanangu Gyu-won akinipigia kwa video, anaganda mdomo wazi kama samaki wa sokoni.”

“Si uhame kampuni ya intaneti?”

“Nimeshahama mara mbili! Wa kwanza walinizawadia baiskeli ili nihamie kwao, hawa wa sasa televisheni.”

“Na kasi je?”

“Televisheni iko mbele yangu, nikumbuke kasi?”

“Basi wewe ulichukua televisheni, intaneti ukaongezewa!”

“Hata hiyo televisheni inaganda, mwenzangu!”

Nilijikaza nisicheke. Basi liliposimama nikashuka, nimekumbatia sufuria ya umeme niliyozawadiwa asubuhi ile kwa kuhama kampuni. Kasi sikuuliza.