Shhh Imemeza Salamu za Alhamisi

Kijiwe hiki cha Kariobangi kina benchi moja, birika moja la kahawa, na watu wanaojua kila kitu isipokuwa njia ya kurudi kazini. Alhamisi hiyo, jua likizama, Mzee Burale, ambaye wasee wa hapo kijiweni humwita Antena, alikuwa amepakata redio yake ya AM kama mtoto mwenye homa. Starehe yake ni kunasa vituo vya mbali. Kuna kimoja kidogo, ng'ambo ya mpaka, ambacho mtangazaji wake mzee hukohoa kwanza, kisha, kila Alhamisi, husoma salamu za wasikilizaji. Miaka mingi alimalizia hivi: “Burale wa Nairobi, bado upo?” Burale naye aliijibu redio: nipo. Hawajawahi kuonana. Lakini tangu kituo kingine kianze kutangaza kidijitali kwenye masafa ya jirani, pale palipokuwa na kikohozi pana shhh tu, kama mandazi kwenye mafuta.

— Inua zaidi, Wakili, alisema Burale.

Wakili ni Githinji. Aliwahi kuwa shahidi kortini mara moja tu, jina likamganda. Alikuwa amesimama juu ya benchi, ameshikilia waya wa antena juu ya kichwa.

— Nikiinua zaidi nitashika stima, Mzee.

— Stima si shida, alidakia Mbuthia, fundi wa kuchomelea vyuma, aitwaye Cheche. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dijitali ni mgeni.

— Mwenyeji ni mimi. Nimepona wapi?

— Tulia. Dawa huanza kwa kuwasha.

— Hiyo dijitali ina kwake. Kwangu inafuata nini?

— Haitoshei kwake. AM ni kama nyumba za Mukuru kwa Njenga, ukuta ni bati. Jirani akipika omena, wewe ndiye unanuka.

Burale aliona hapo pana akili, akajuta kuiona, maana Cheche akishapewa kichwa hashikiki.

— Kuna kitu hamjui, alisema Wakili kutoka juu. Dijitali ni namba. Moja na sufuri. Moja inasimama wima, haina noma. Sufuri ni mviringo, inabingirika. Na sisi tuko bondeni, karibu na mto. Sufuri zote za Nairobi zinaishia hapa.

— Manze. Na zikifika? aliuliza Cheche.

— Zinajaa kwa redio ya Mzee.

— Zingekuwa zinabingirika tungezikanyaga, alisema Cheche. Wenye kosa ni hawa mafundi wa sufuria wa hapa jirani. Wanagonga bati kutwa nzima. Mawimbi yanaingia hapo yakiwa mazima, yanatoka yamepondwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hii shhh inaelea hewani. Nani ameiunda?

— Hiyo methali ni ya vyombo vya baharini, alisema Zakariye, muuza kahawa.

— Bahari ilifika Kariobangi lini? Hapa kinachoelea ni shhh.

— Mimi naona ni mpango, Wakili akaongeza. Kuna mtu anataka wazee wakose habari za mbali, wabaki kusikiliza mabibi zao.

Burale alisogeza kisahani cha kutafutia vituo kiasi cha unywele. Ndani ya shhh, mtu alikohoa.

Wote wakaganda. Hata waya ulitulia.

— Ni mimi, alisema Zakariye. Tangawizi imenipanda.

Hapo alifika Nzembi, fundi cherehani aliyehamia juzi ghorofa ya juu ya jumba la jirani, amebeba chupa ya kutilia kahawa. Akawaamkia wazee, akauliza mtu anafanya nini juu ya benchi. Wakamweleza yote: salamu, kikohozi, sufuri, sufuria. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Na huyo mzee wa kukohoa, alisema, kwani bado yupo?

Cheche akatazama mikono yake. Wakili akatazama waya. Zakariye akainamisha birika juu ya chupa ya Nzembi, zikatoka machicha.

— Naweza kutafuta kwa simu, alisema Cheche. Ni dakika moja.

— Rudisha simu mfukoni, alisema Burale.

Burale akaongeza sauti. Shhh ikajaa kijiwe kizima. Akainama, mdomo karibu uguse redio.

— Nipo, alisema.

— Mzee, nishuke?

— Inua zaidi.