Kilichokuwa Kikimla Sayi

Kwa huzuni isiyo kifani, wanachama wa chumba cha chai tunatangaza kwamba kuanzia tarehe 30 Juni hakuna atakayetufokea kwa vikombe vichafu. Sista Fransiska Wilibrodi anastaafu baada ya miaka thelathini na nne ya uuguzi.

Alianzia Kasanga, kisha akaja Sumbawanga, wodi ya mifupa, kutufunda sisi wengine. Shuka nilizotandika mimi alizifananisha na matuta ya mihogo, na mgonjwa aliyepooza, alisema, halazwi shambani.

Wengi mnamkumbuka kwa habari za Sayi, kijana wa wafugaji aliyeanguka toka kwenye mkokoteni, akawa hasikii kitu kuanzia kiunoni kushuka. Kidonda chake cha mgandamizo, kile cha kulalia upande mmoja muda mrefu, kilikuwa kikipona: tulikisafisha, tulikata nyama iliyokufa, tulimgeuza kila saa mbili, alikula mayai na maharage. Ndipo kikatokea kingine nyongani. Cheusi, cha pembe nne, kama alama ya jino la mnyama asiyejulikana. Kila siku kilizama zaidi, na Sayi anatutania tu, hasikii kwamba analiwa.

Ukungu ulishinda madirishani. Adolfu, jirani yake wa kitanda, aliapa anasikia kitu kikitafuna. Mimi na diploma yangu nikawa napita hapo nikiimba nyimbo za kanisa. Daktari alionya kwamba kikifika mfupani tutampoteza. Ndugu wakaleta gari wamrudishe kwao Msanzi kwa mganga.

Husimuliwa kwamba Sista alilisemesha jini kwa Kifipa, likatoka. Sivyo.

Kilichotokea ni hiki. Tulikuwa tumemgeuza Sayi, tumeondoka. Sista akarudi ghafla, akapitisha kiganja chini ya nyonga, akatoa hirizi ya ngozi, ngumu, kubwa kama kiberiti. Mama yake Sayi, Minza, aliyekuwa akimuuguza pale wodini, aliificha kila tulipokuja na kuirudisha tulipotoka, maana aliagizwa na mganga imguse mwanawe daima. Kidonda kilivyozidi, naye alizidi kuisukuma ndani.

"Kumbe ni mimi ninayemla mwanangu, sista?"

Sista hakumgombeza. Aliifunga kwenye chuma cha kitanda, juu ya kichwa cha Sayi.

"Mlinzi hukaa mlangoni, mama. Halaliwi."

Ndugu wakaondoka na gari tupu. Minza alifundishwa kumgeuza, na kwa miezi mingi alimgeuza, mpaka ngozi ikafunga.

Asante, Sista. "Pumzika kwa amani" siandiki, bado u mzima. Nenda kwenu Kaengesa, ukazeeke taratibu.