Leticia Kaimba, Kofia Imetazamwa

Siku ya kuapishwa rais, benchi la Agapiti, fundi cherehani wa Kibaoni, lilijaa kabla kahawa haijachemka. Agapiti alikuwa ameipandisha runinga juu ya meza ya kukatia vitambaa, na leo hakutaka mzaha. Kwaya ya mkewe Leticia ilikuwa imechaguliwa kuimba mbele ya taifa zima! Magauni aliyashona yeye, na la Leticia akaliongezea utepe wa njano begani ili amtambue. Mama huyo aliondoka Ifakara na agizo moja tu: "Uniangalie, halafu uniambie tumeimbaje."

Salvatory, waliyembatiza Spika kwa kuwa hampi mtu nafasi ya kusema, ndiye aliyeanza.

— Shehe kaomba kifupi, askofu kaomba mpaka wapiga tarumbeta wameegemeana. Dua ndefu ni mkakati! Wageni wakichoka, hotuba inapita bila mtu kununa.

— Acha hizo, alisema Omega wa bodaboda. Wameombea amani, umoja, mvua. Mpunga wetu je?

— Si ndiyo hiyo mvua?

— Mvua tunayo mpaka kwenye magodoro, Spika!

— Sauti chini, jamani, Agapiti alisihi. Kwaya zinakaribia.

— Tulia, fundi. Unaona bendi ya jeshi? Kila buti likikanyaga, mchawi mmoja anatoka uwanjani mbio.

— Na kofia ya yule mama mgeni, ile pana?

— Ile siyo kofia, ni dishi. Inanasa maongezi ya nchi jirani.

— Toka hapa!

— Mbona akigeuza kichwa picha inakwaruza?

Dua Agapiti alizivumilia, na matarumbeta pia. Lakini kitambaa ni kitambaa. Alisimama, futi kamba shingoni, akaipa runinga mgongo.

— Dishi gani? Ile imewekwa kitambaa kigumu ndani, ikapigwa pasi, ukingo ukazungushiwa waya. Hata mimi naishona!

— Waya! Spika alidakia. Si nimesema inanasa?

Wakabishana juu ya waya huo mpaka mate yakawakauka. Walipogeuka, mtangazaji alikuwa akiishukuru kwaya kutoka Ifakara kwa wimbo uliowatoa watu machozi.

Simu ya Agapiti ikaita. Akabonyeza spika ya simu bila kufikiri.

— Baba Fausta! Mmetuona? Tumeimbaje?

Agapiti aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Akampa Salvatory simu. Salvatory, asiyempa mtu nafasi ya kusema, safari hii akampa Omega nafasi, na simu juu yake.

— Shikamoo, mama, alisema Omega, akampa simu Mzee Kelestini wa kahawa.

Mzee Kelestini akachungulia birika.

— Kahawa imeisha, mwanangu, alisema, akairudisha simu kwa mwenyewe.

— Mke wangu, Agapiti alisema taratibu, kofia ya mgeni imeniponza. Umeimba mimi nimekupa mgongo. Nisamehe. Hebu niimbie.

— Hapa kwenye basi?

— Hapo hapo.

Leticia alimsema kidogo, akacheka, kisha akaanzisha kwa sauti ya chini. Wenzake wakampokea. Agapiti akaizima runinga. Spika alipofungua mdomo, Omega alimziba kwa kiganja, na hakukitoa mpaka wimbo ulipokwisha.