Pneu Yenye Mulima

DIEUDONNÉ: Allô? Nani huyu? Namba hii siijui.

KAHINDO: Papa mudogo, ni mimi. Kahindo.

DIEUDONNÉ: Nani? Réseau ya Bunagana leo haina— allô?

KAHINDO: Kahindo! Wa Majengo! Mutoto wa mukubwa wako!

DIEUDONNÉ: Aah, Kahindo! Na unanipigia kwa simu ya nani?

KAHINDO: Ya Joviale, jirani. Yangu imeisha unités, siwezi kupiga. Mko namna gani huko?

DIEUDONNÉ: Tuko, Mungu anasaidia. Mama yako?

KAHINDO: Yuko, goti tu njo linamusumbua. Papa mudogo, sikiliza, hizi ni unités za watu—

DIEUDONNÉ: Na pneu za gari? Zilifika? Nilizipakia kwa fuso ya Aksanti, zote nne. Usiniambie kulikosa moja.

KAHINDO: Zilifika zote. Nilifunga juzi.

DIEUDONNÉ: Si unaona! Uliingiza ukucha kwenye mupira?

KAHINDO: Niliingiza. Uliingia kama kwenye sabuni.

DIEUDONNÉ: Njo pneu ya kukamata hiyo! Ukucha ukiingia, pneu inakamata. Miaka makumi mbili nauza pneu hapa, mutoto wangu, hakuna mutu ata—

KAHINDO: Imekatika.

DIEUDONNÉ: Nini imekatika?

KAHINDO: Pneu, papa mudogo. Jana nilizunguka circuit yetu ya mashindano mara sita, kujaribu. Sita tu! Nikashuka kuangalia, ya mbele upande wa kuume imetoka vipande. Nimevishika na mukono. Gari yote inanuka mupira wa kuungua, hata client wa taxi leo asubuhi ameshuka mbele ya kufika, anasema kuna kitu kinaiva.

DIEUDONNÉ: [anacheka] Basi ni wewe. Unakata vibaya virage, zile kona.

KAHINDO: Mimi?

DIEUDONNÉ: Wewe. Na hiyo circuit yenu, mbona mimi sijaielewa? Watu wazima na akili zao wanazunguka mapipa kwenye mawe ya volkano, kila dimanche ya Mungu, hawaendi fasi yoyote, wanarudi pale pale walipotoka—

KAHINDO: Papa mudogo—

DIEUDONNÉ: —na mwanamuke katikati yao! Mwenye taxi ya kulisha watoto! Nilituma pneu juu mama yako aliniomba. Lakini toka mule, Kahindo. Toka. Sikio la kufa halisikii dawa.

KAHINDO: Langu linasikia muzuri kabisa, na sitoki. Mwezi uliopita niliteleza kwenye virage ya mwisho na zile pneu ngumu, wakacheka mupaka wakakaa chini. Sasa wamesema nikiteleza tena dimanche, ama nisipofika, wanafuta jina langu, na ya Bénie, na ya Daniella. Wanawake basi, kwisha. Kwa hiyo dimanche niko. Hata kama nitakuja na pneu za kukokota mukokoteni, niko!

DIEUDONNÉ: Loo. Kichwa cha baba yako kabisa.

KAHINDO: Asante. Sasa nijibu kitu kimoja. Uko kwenye stock, dukani?

DIEUDONNÉ: Niko mulangoni.

KAHINDO: Hizi ulinitumia zina kachoro pembeni. Kamulima kenye vichwa vitatu, na ndani yake kitu kama nyota. Umekaona?

DIEUDONNÉ: Kukaona? Mimi njo nawaonyesha watu! Ile ni alama ya volkano. Wazungu walitengeneza pneu ya fasi zenye volkano, njo wakachora mulima. Kila mutu wa Goma anaitafuta.

KAHINDO: Nani alikuambia?

DIEUDONNÉ: Nani aliniambia? Si inaonekana! Mulima, mawe, Goma. Unataka barua kutoka kwa nani?

KAHINDO: Ile si nyota, papa mudogo. Ni theluji.

DIEUDONNÉ: Ni nini?

KAHINDO: Theluji! Neige! Nilimutumia Clotilde foto, Clotilde wetu wa Bruxelles. Amecheka kwanza, halafu amekasirika. Anasema wao wanafungaga hizo mwezi wa novembre, baridi ikiingia, na joto likirudi wanazitoa mbio. Mupira wake ni wa barafu. Kwa hiyo ni laini, usigande. Ukiupeleka kwenye joto na vitesse, mbio kali, unalegea, unachemuka, unakatika.

DIEUDONNÉ: Clotilde. Clotilde ambaye hajui kuziba hata pneu ya kinga, ya baiskeli tu.

KAHINDO: Lakini theluji anaijua.

DIEUDONNÉ: Wapi! Nimeuza pneu ya mulima kwa taxi, kwa docteur, kwa padri! Sasa mutoto na foto yake anakuja— [réseau inakwaruza] —mbele ya watu?

KAHINDO: Sikusema mbele ya watu. Nakuambia wewe peke yako.

DIEUDONNÉ: Sawa. Umeniambia. Nitakutumia zingine, hizo zirudishe, tunanyamaza. Bon?

KAHINDO: Na Gauthier?

DIEUDONNÉ: Gauthier gani?

KAHINDO: Papa mudogo. Gauthier wa Katoyi. Yule anasema mwanamuke atamupita siku yeye amelala usingizi. Siku ya mardi alikuja kuonyesha watu pneu zake mupya, amezipangusa na mafuta zinang'aa. Zina mulima. Alisema, "Nimechukua kwa papa mudogo wako, kwa hiyo tuko sawa, hautakuwa na kisingizio."

DIEUDONNÉ: Yule ni client. Alilipa, akaenda.

KAHINDO: Gari yake ni nzito kupita yangu, na ana vitesse. Mimi imenitokea vipande na mara sita tu za kuzunguka. Yeye ataenda mara makumi mbili. Nitamupigia simu.

DIEUDONNÉ: Usimupigie.

KAHINDO: Nitamupigia leo.

DIEUDONNÉ: Kahindo, fikiri! Yule mutu ana mudomo. Mupaka kesho Goma yote, mupaka Sake, watasema Dieudonné anauzia watu pneu ya barafu. Hii jina nimeijenga na mikono yangu. Na wewe je? Si unashindana naye dimanche? Kama pneu zake zinakatika, si heri yako?

KAHINDO: Heri gani hiyo? Nimushinde akiwa amegeuka kichwa chini kwenye mawe? Hapana, papa mudogo. Hapana! Nikirithi aibu nirithi, lakini damu ya mutu sitaibeba. Unaweza kukasirika, unaweza kumupigia mama, unaweza kukataa kuniuzia pneu mupaka nizeeke. Nitamuambia.

DIEUDONNÉ: Nakukataza kama baba yako.

KAHINDO: Na mimi nakukatalia kama mutoto wako. Allô? Papa mudogo? Imekatika? Joviale, imeka—

DIEUDONNÉ: Niko.

KAHINDO: Nisamehe sauti. Lakini maneno siyatoi.

DIEUDONNÉ: Kahindo. Joto na vitesse, njo amesema Clotilde?

KAHINDO: ...Njo amesema.

DIEUDONNÉ: Na muzigo je? Gari ikiwa na muzigo?

KAHINDO: Papa mudogo, acha tu.

DIEUDONNÉ: Nauliza. Kuuliza si ujinga.

KAHINDO: Na muzigo inazidi.

DIEUDONNÉ: Samy wangu, siku ile ya ajali, alikuwa amebeba haragwe. Magunia makumi mbili na mbili. Ilikuwa saa saba, jua kali. Aliniambia, "Papa, weka tu zile za zamani, zitafika." Nikasema hapana, mutoto wangu ataenda na kitu cha muzuri. Nilimufungia mwenyewe. Hata quado, fundi wa pneu, sikumuita. Nilikaza boulons zote na mukono wangu, nikapangusa na—

KAHINDO: Papa...

DIEUDONNÉ: Ulijua.

KAHINDO: Jana. Nilipokaa chini na kile kipande mukononi. Njo nikapiga kwako mbele ya kupiga kwa Gauthier.

DIEUDONNÉ: [anakohoa] Ilisemwa ni barabara ilimuua. Tulisema barabara, mwezi wa tatu wote. Hata padri kwenye maziko alisema barabara.

KAHINDO: Inaweza kuwa barabara. Hatukuwa pale.

DIEUDONNÉ: Usinibembeleze.

KAHINDO: Sikubembelezi. Ulimupa kile uliona ni kizuri kupita vyote. Hivyo tu njo ninavyojua, na mutu akisema kingine mbele yangu tutapigana.

DIEUDONNÉ: [Mulango wa bati unafunguliwa] Ngoja nivae lunettes za kusomea.

KAHINDO: Unafanya nini?

DIEUDONNÉ: Nimeingia kwenye stock. Si unataka pneu? Niambie unasomaga wapi, wewe mwenye macho.

KAHINDO: Aah. Bon. Chukua ya jua, isiyo na mulima. Quatorze, kipimo cha gari yangu. Kuna neno refu pembeni linaanza na T, R, E. Mbele yake kuna namba.

DIEUDONNÉ: Herufi hizi ni za sisimizi... T, R, E. Cinq cents, mia tano.

KAHINDO: Weka chini. Hiyo itakula miaka minne, lakini itanitelezesha tena. Namba ikipanda, pneu inadumu, haikamati. Ikishuka, inakamata, haidumu.

DIEUDONNÉ: Hapa kuna moja... cent, mia moja tu.

KAHINDO: Hiyo ni gundi! Dimanche ningemupita kila mutu, na baadaye ningebaki na kamba. Mawe yetu yangeimaliza kwa wiki mbili, na watoto wanakula kwa hii hii gari. Tafuta ya katikati.

DIEUDONNÉ: Toka hapo, paka! ...Deux cent vingt, mia mbili na makumi mbili.

KAHINDO: Ziko ngapi?

DIEUDONNÉ: Moja, mbili... nne. Zilikuja na mutu wa Kampala, hakuna aliyezitaka, wanasema hazina mulima.

KAHINDO: Yesu! Angalia sasa namba nne ndani ya kaduara. Mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa.

DIEUDONNÉ: Vingt-trois, makumi mbili na tatu.

KAHINDO: Njo hizo. Njo hizo kabisa, papa mudogo! Zitakamata dimanche na zitabeba watu lundi. Wasingya, asante!

DIEUDONNÉ: Aksanti anatoka hapa saa nane. Zitalala kwako leo. [kitu kinaburutwa] Hizi za mulima ninazitoa nje. Ziko kumi na moja. Nitazipasua na kisu, mutu asiziokote.

KAHINDO: Unataka nije nikusaidie?

DIEUDONNÉ: Hapana. Nataka kuzipasua peke yangu. Namba ya Gauthier unayo?

KAHINDO: Ninayo, lakini nitamupigia mimi—

DIEUDONNÉ: Nani aliuza? Ni mimi niliuza. Nipe namba.

KAHINDO: Atakutukana.

DIEUDONNÉ: Atukane. Niandike.

KAHINDO: Zéro neuf, nonante-sept... [bip] Mama wee, unités. Nonante-sept, trente et un...

DIEUDONNÉ: Trente et un.

KAHINDO: ...soixante, quarante-huit. [bip]

DIEUDONNÉ: Nimeandika ukutani. Lakini ujue, nikimuambia atafunga zingine za muzuri. Hautamupita kirahisi tena.

KAHINDO: Sitaki kirahisi, papa mudogo! Nataka afike kwenye virage ya mwisho akiwa muzima, macho yake mawili wazi, aone vizuri nyuma ya gari ya—

[Unités zimeisha.]